Nyumba Moja, Kiti Kimoja

Kiti kilikuwa kimoja na wao walikuwa wawili, na aliyekitaka siye aliyekipata.

Mume, tangu akiwa karani wa stoo katika duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa na ugonjwa wa vyuo. Wenzake wakati wa mapumziko walibishana mpira. Yeye alisoma habari za vyuo vya nje. Alijua nchi ipi inapokea wageni na ipi inawazungusha, wapi wanataka cheti cha sekondari na wapi wanataka cheti pamoja na machozi. Ndiye aliyeigundua ile nchi ndogo. Nchi yenyewe kiganja: ukikohoa kwenye mpaka huu, kwenye mpaka ule wanakuambia pole. Lakini ilikuwa na chuo cha upimaji ardhi kinachosomesha wageni, na upimaji ndio alioutaka tangu siku alipoingia dukani mpimaji mmoja, buti zimejaa tope, akaagiza misumari, na tajiri wa duka akainuka mwenyewe kumpa pa kukaa. Tajiri yule alikuwa hainuki hata kwa mkwewe.

Basi akajaza maombi. Alipomaliza ya kwake akajaza na ya mkewe. Si kwamba alitaka mkewe asome. Mkewe alikuwa fundi cherehani, ana wateja wake, hana habari na vilima. Alijaza kama mwuza duka anavyotupia kipande cha ziada ili mizani ipendeze: wakiona mume na mke wameomba pamoja, alijiambia, watasema huyu ni mtu mzima mwenye nyumba yake, hatatoroka. Mke akaambiwa, "Tia sahihi hapa," akatia, uzi uko mdomoni.

Jibu likaja. Mke amepata, mume amekosa. Chuo kilikuwa kimetenga nafasi kwa ajili ya wanawake, na sheria ya nchi ile ilikuwa nyumba moja, kiti kimoja, kwa sababu vyumba vya wageni vilikuwa haba na wenyeji wameshaanza kunung'unika. Mume aliruhusiwa kufuatana na mkewe. Kama mume.

"Kama mume!" akasema. "Kwani hapa nilikuwa nani?"

"Basi tusiende," mkewe akamjibu. "Mimi sikulilia chuo."

Na kwa kuwa wasipokwenda atakayelia ni yeye, wakaenda.

Walipewa chumba kimoja ghorofa ya pili, katika jengo la wanafunzi wenye ndoa. Kitanda, kabati lenye mlango mmoja, jiko la gesi la mafiga mawili na meza ya kuegemea ukutani. Wiki ya kwanza meza ilikuwa yao wote. Wiki ya pili ikajaa rula, penseli na makaratasi makubwa ya mkewe, yaliyochorwa mistari inayojikunja kama nywele. Mume akawa anakula sahani iko magotini, na kila tonge analimeza pamoja na neno.

Siku moja akatelemka hadi ofisi ya wanafunzi wageni. Nyuma ya dirisha alikaa mama mmoja mnene, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, mtu asiye na haraka.

"Mimi nataka kusoma," mume akasema.

"Karibu, mwanangu. Kwa wageni hatuna mingi, tuna milango mitatu tu. Upimaji, mkeo keshaingia, umefungwa kwako. Chuo kikuu, wenyeji kwanza, na wenyeji hawajaisha. Kinabaki chuo cha hoteli. Hicho hakimo kwenye hesabu ya kiti kimoja, maana kinaendeshwa na wenye hoteli wenyewe."

"Wanasoma nini huko?"

"Kupika, kupokea wageni, kutandika."

"Kutandika nini?"

"Vitanda, mwanangu. Ulidhani farasi?"

Damu ikampanda. "Mama, mimi nivuke mipaka yote hiyo nikatandike vitanda?"

"Vitanda vya watu vimejenga nyumba za watu," yule mama akasema bila kukasirika. "Lakini kama hutaki, ipo kadi ya msikilizaji. Mwenzi wa mwanafunzi anaruhusiwa kukaa nyuma darasani. Huulizi, hujibu, hufanyi mtihani, hupati cheti."

"Sasa ya nini?"

"Wengi huichukua wakati wa baridi. Darasani kuna joto."

Akaichukua. Alijiambia anafuata elimu. Mkewe alimwambia, "Si ungekwenda hotelini, mwenzangu, upate chako?" naye akamtazama kama aliyetukanwa. Ukweli aliujua mwenyewe: alikuwa amesikia mara tatu katika juma moja mkewe akisema "Mrefu kasema hivi" na "Mrefu kanionyesha vile," na alitaka kumwona huyo Mrefu amerefuka mpaka wapi.

Amerefuka kweli. Alikuwa kijana mgeni kutoka nchi nyingine, kapera, mguu kama wa korongo, mdomo haujui lango. Siku ya kwanza tu alimwona msikilizaji anaingia akapaza sauti:

"Karibu, shemeji! Umekuja kusikiliza au kuchunga?"

Darasa likaangua kicheko. Mkewe naye alicheka, si sana, kidogo tu, lakini wivu hauhitaji kingi. Tangu siku ile wanafunzi wakamwita Msikilizaji, na jina likamganda.

Mwalimu wao alikuwa mzee mwembamba waliyembandika jina la Povu, kwa sababu hakuna somo alilolimaliza bila kusema: "Povu likae katikati." Alikusudia lile povu dogo la hewa ndani ya kichupa cha maji kilichopachikwa kwenye darubini ya kupimia; likisogea hata chembe, darubini haiko sawa, na kila utakachokisoma ni uongo. Msikilizaji alikaa nyuma, mikono juu ya magoti, akamsikia Povu akifundisha mambo aliyokuwa akiyaota stoo katikati ya mifuko ya saruji. Aliyaelewa. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Angekuwa haelewi angelala usingizi wake. Mkewe alipoulizwa swali akasita, yeye kule nyuma jibu lilimjaa kinywani kama maji ya kusukutua, na hana pa kulitema. Na mkewe alipojibu sawasawa, bila kusita, ilikuwa vibaya zaidi. Alitazama kisogo chake na kujiuliza: huyu ni yule aliyekuwa na uzi mdomoni?

"Amezoea kupima viuno," Mrefu alimwambia Povu siku moja. "Kilima kwake ni mteja tu aliyenenepa."

Povu mwenyewe akacheka. Msikilizaji hakucheka. Mzaha ule angepaswa kuutunga yeye. Cherehani ile aliinunua yeye.

Kazi za nje zilifanywa na watu watatu watatu. Mmoja anachungulia kwenye darubini na kusoma namba, mmoja anaandika, wa tatu anakwenda mbele na fimbo ndefu ya kupimia, iliyochorwa namba toka chini hadi juu, anaisimamisha wima ili wenzake waisome. Mke alikuwa wa darubini, Mrefu wa kuandika, na wa fimbo alikuwa msichana mmoja mgeni ambaye katikati ya muhula alihamia chuo cha hoteli, akasema kule angalau wanalishwa. Wakabaki wawili. Povu akatazama huku na huku, jicho likatua kwa Msikilizaji.

"Kushika fimbo si kuuliza wala si kujibu," akasema. "Sheria haikukatazi. Njoo."

Akamfundisha mwenyewe nje ya darasa. "Sikiliza. Darubini inasoma fimbo, halafu darubini inahama, inakwenda mbele yako, inakusoma tena kwa upande wa pili. Wakati wenzako wanahama, fimbo yako isipande wala isishuke hata unene wa ukucha. Kila kitu kinahama, wewe huhami. Kwa dakika hizo, bwana, wewe ndiye ardhi."

Neno lile lilimpendeza kwa siku mbili hivi. Ya tatu likageuka. Ardhi! Ndiyo, ya kukanyagwa. Maana aligundua kuwa mwenye fimbo hukaa peke yake mbali, na wenzake wako wawili kule, vichwa vimekaribiana, na upepo haumletei maneno, unamletea kicheko tu.

Mwisho wa muhula ukaja mtihani wa wageni. Waanzie kwenye alama ya zege nyuma ya posta, wapande hadi kwenye tangi la maji la kilimani, wageuke, warudi posta kwa njia nyingine. Ukirudi ulipotoka, namba nazo sharti zirudi zilipotoka. Zisiporudi, umekosea mahali. Kosa la unene wa ukucha linasamehewa na kugawanywa njia nzima. Kosa la unene wa kidole halisamehewi. Na atakayeshindwa, kiti chake kinakwenda kwa anayengoja, na foleni ya wanaongoja ilikuwa inazunguka nchi.

Asubuhi kazi ilikwenda vizuri. Walipanda wakafika kwenye tangi, wakageuka. Jua likawa kali. Walipofika kwenye tuta la barabara, Msikilizaji alisimama juu ya tuta, fimbo imekaa juu ya kichwa cha msumari waliougongomea ardhini. Darubini ikamsoma kutoka upande wa kilima, kisha wenzake wakakunja miguu mitatu ya darubini, wakampita, wakatelemka hadi kwenye majani chini ya tuta. Yeye akabaki. Yeye ndiye ardhi.

Akawaona wanaisimamisha darubini tena. Akamwona Mrefu anafungua mwavuli mkubwa mweusi na kuushika juu, na mkewe akaingia chini yake, akainama. Vichwa viwili, mwavuli mmoja. Mrefu akasema kitu. Mkewe akajishika kiuno, akacheka cheko lile la kichwa nyuma ambalo mumewe hakulisikia chumbani kwao tangu wavuke mpaka.

Hakupanga. Akiapa leo hataapa uongo. Kitu kama mkono wa mtu mwingine kilishuka kifuani kwake na kupita hadi mguuni, akaona ncha ya buti lake la kulia imeingia chini ya fimbo, na fimbo imepanda. Imepanda unene wa vidole viwili hivi. Namba zimkatae kidogo, aliwaza. Kidogo tu. Siku moja arudi nyumbani naye hajui.

Kutoka chini sauti ya mkewe ikapanda, inasoma namba, wazi, taratibu kuliko kawaida. Mrefu akaandika. Mkewe akainua mkono kuashiria endelea. Msikilizaji akatoa buti, akabeba fimbo, akaenda mbele.

Walipofika posta, Mrefu alijumlisha akiwa amechuchumaa kivulini. Akajumlisha tena. Mbwembwe zikamwisha.

"Dada, haifungi. Namba hazirudi."

Povu akaja, akavaa miwani, akatazama. "Kwa hesabu yenu," akasema, "tangu asubuhi posta imedidimia unene wa vidole viwili. Niwaambie watu watoke ndani?"

Hakuna aliyecheka.

"Tugawe kosa," Mrefu akanong'ona Povu alipogeuka. "Kila kituo tukipunje kidogo, nani atajua?"

"Hapana," mke akasema. "Tutarudia." Hakumtazama mumewe. Alikuwa anapangusa darubini kwa kitambaa, anapangusa mahali palepale.

Povu akawapa hadi Jumatatu. "Ikikataa tena, binti, sina la kukusaidia. Kiti kitakwenda."

Hapo ndipo Msikilizaji alipomwagikiwa na maji baridi. Kiti kikienda, kibali cha kukaa kinakwenda nacho, na chumba, na jiko, na yeye kama mume. Alikuwa ameukata mti akiwa juu yake, tena kwa ncha ya kiatu. Njiani kurudi alijaribu kuzungumza habari za hewa. Mkewe alikuwa mbele hatua chache, anatembea kama mtu anayewahi, na hakuna alichokuwa akiwahi.

Kesho yake, Jumamosi, alimfuata kwenye chumba cha kufulia, chini ya jengo. Mashine moja ilikuwa inazunguka, nyingine imekufa siku nyingi. Mkewe alikuwa kwenye karo, anasugua kwa brashi matope ya ovaroli.

"Lete nikusaidie," mume akasema.

"Nilikuona."

"Kuona nini?"

"Buti."

Mashine ikazunguka.

"Zile darubini za chuo ni za kizee," mkewe akasema, bado anasugua. "Mtu anaonekana kichwa chini miguu juu. Tangu tuanze nakuona mume wangu umening'inia kama popo. Kwa kawaida naona tumbo lako na mikono. Lakini pale tutani ulikuwa juu, sisi tuko chini, jicho likaja moja kwa moja miguuni. Nikaona fimbo, nikaona buti, na buti liko mahali pasipo pa buti."

"Mbona hukusema?"

"Mbona wewe hukusema? Nilisoma namba polepole, kwa sauti, ili usikie. Nikasema huyu ameteleza, atasema. Tumetoka tutani hadi posta nakungoja. Na mimi nina roho yangu, bwana. Nikaona afadhali kiti kiende kuliko nikuombe unisemee ukweli."

"Mlikuwa chini ya mwavuli mmoja."

Brashi ikasimama. "Nini?"

"Wewe na yule. Mnacheka."

Mkewe akamtazama kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa, kisha akacheka, lakini kicheko hiki hakikuwa cha kichwa nyuma. "Mwavuli ni wa darubini! Jua likiipiga povu linahama, hukumsikia mwalimu, wewe msikilizaji? Kinachofunikwa ni darubini. Mimi naungua. Tazama." Akavuta ukosi wa blauzi; shingo nyuma ilikuwa imebabuka. "Na unataka kujua tulicheka nini? Alisema shemeji amesimama kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Nikacheka kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ulinipendeza. Muhula mzima jicho langu liko kwenye kile kitundu, na ndani ya kitundu kile hayumo Mrefu. Umo wewe. Wanawake wangapi wanamtazama mume kiasi hicho? Mpaka kichwa kinaniuma."

Angeweza kuyaacha hapo. Mkewe alikuwa amemfungulia mlango wa kutokea: mwanamume kaona wivu, kapumbaa, yamekwisha, ndivyo wanaume walivyo. Alikaa juu ya ile mashine iliyokufa, akaukosa utulivu wa kusema uongo.

"Sikumwonea wivu Mrefu," akasema.

"Ila?"

"Nakuonea wewe." Sauti ilimtoka nyembamba. "Kile kiti ni changu. Nilikiota miaka, wewe hujui hata kama kipo. Nikakujazia mimi, kwa kalamu yangu. Ukikosea darasani nafurahi. Ukipatia naumwa hapa. Mrefu nilimshika tu kwa kuwa yuko karibu."

Alingoja kelele. Mkewe alikamua ovaroli, akaikung'uta, akaitundika kwenye kamba.

"Ulidhani sijui?" akasema. "Nikitaja kimo cha kilima unasaga meno hata usingizini. Tangu tufike najua. Ingekuwa ni Mrefu ningeshamfukuza, ikawa basi. Lakini mimi mwenyewe, nijifukuze niende wapi?"

Mkewe akafungulia bomba, akaosha brashi.

"Nilikuambia tusije, ukataka tuje. Nilikuambia hoteli, ukavimba. Sasa na mimi nimekipenda hiki kiti, mwenzangu. Sikukitaka, lakini nimekipenda. Sitakuachia, na hata nikikuachia hawatakupa."

"Jumatatu nani atashika fimbo?" akauliza, maana hakuthubutu kuuliza lililo kubwa zaidi.

"Nimwombe nani tena? Utashika wewe. Ukitaka kuinua, inua. Ila ujue natazama."

Jumatatu kulikuwa na jua lilelile. Walipanda, wakageuka kwenye tangi, wakafika tutani. Msikilizaji akasimamisha fimbo juu ya msumari. Wenzake wakampita, na Mrefu safari hii hakutania, alipita ameinamisha kichwa kama mtu anayepita msibani. Wakatelemka. Mwavuli ukafunguka.

Usidhani wivu ulikuwa umekwenda. Ulikuwepo, umekaa palepale, na sasa haukuwa na hata Mrefu wa kujifichia. Alimwona mkewe anainama kwenye darubini yake, bega limekaa kama la mwenye kazi, kama yule mpimaji wa buti zenye tope, na moyo ukamkwaruza vilevile. Jasho likamwingia jichoni, hakulifuta. Mikono ikafa ganzi. Akatazama chini, akaona buti zake mbili zimekaa mbali na fimbo, akazisogeza mbali zaidi, kama mtu anayewatenganisha wagomvi. Kule chini kwenye kile kitundu alikuwa ananing'inia sasa hivi, miguu juu, na jicho moja linamtazama. Akasimama. Mkewe akasoma namba. Akainua mkono.

Posta, Mrefu akajumlisha mara moja tu, akaruka juu miguu yote miwili, na kwa urefu ule ilikuwa kitu cha kutazama. "Imefunga! Imepishana uzi tu, dada! Uzi!"

Povu akavaa miwani. "Posta ipo mahali pake," akasema. "Nimefarijika. Nina barua ya kutuma." Akampa mke mkono, akampa Mrefu mkono, akaandika majina yao mawili.

Wanafunzi wengine wakamzunguka mke, wakampigia makofi, mmoja akamvalisha kofia yake. Mrefu peke yake alimkumbuka aliyebaki pembeni. "Shemeji, leo ulikuwa nguzo," akasema, naye akajibu ahsante, fimbo bado iko mkononi. Jina la msikilizaji haliandikwi. Alilijua hilo tangu mwanzo, na bado alingoja kidogo, kalamu ya Povu iliposimama, kama mtu anayengoja chenji baada ya duka kufungwa.

Kesho yake asubuhi alikuwa dirishani kwa yule mama mnene. Akaweka kadi ya msikilizaji juu ya mbao.

"Baridi imekwisha?" yule mama akauliza.

"Nataka hoteli."

"Hoteli kumejaa. Ulivikataa vitanda, vitanda vimepata watu."

Akanywea. Akageuka kuondoka.

"Nani kakuambia uende?" yule mama akasema, akitafuta miwani iliyo kifuani pake mwenyewe. "Hospitali imefungua chuo chake cha uuguzi kwa wageni. Jambo la juzi, hata tangazo halijabandikwa. Nao hawahesabu nyumba. Wanatafuta wanaume, kwa sababu kuna wagonjwa wazito wa kuinua. Umewahi kuinua?"

"Mifuko ya saruji."

"Inafaa. Mfuko haulalamiki, lakini inafaa."

"Huko kuna kutandika?"

"Kupo, mwanangu. Tena mgonjwa akiwa bado yumo kitandani."

Msikilizaji akatazama ile mbao, akatazama nje ambako wanafunzi wa upimaji walikuwa wanavuka na fimbo zao mabegani. Akapiga moyo konde. "Niandike," akasema, na yule mama alipomuuliza aandike nani, akataja jina lake kamili, taratibu, kwa sauti.

Njiani alijipanga jinsi ya kumwambia mkewe. Yule mama alikuwa amemdokeza kwamba darasa la uuguzi ni wasichana watupu, isipokuwa yeye na mzee mmoja. Hilo alilifunga vizuri moyoni, kama mtu anayebeba yai. Atalisema mwishoni, kwa kupitisha tu. Atamtazama usoni. Hakutaka ugomvi, alitaka auone uso ukibadilika kidogo, naye ajue nini kinauma.

Akaingia, akasema nimepata. Mkewe akatupa penseli.

"Umepata nini?"

"Chuo. Uuguzi. Miaka mitatu."

Mkewe akapiga kigelegele hadi jirani wa juu akagonga sakafu. Akamkumbatia, akamwachia, akamkumbatia tena.

"Darasa ni wasichana watupu," mume akasema. "Mimi na mzee mmoja tu."

"Vizuri! Watakusaidia kazi za nyumbani, wewe mvivu wa kuandika!" Na kabla hajamaliza kucheka alikuwa ukumbini, anagonga mlango mmoja baada ya mwingine, miguu mitupu: "Mume wangu kapata chuo! Jamani, mume wangu kapata!"

Mume akabaki katikati ya chumba, anamsikiliza. Siku ile jibu la mkewe lilipokuja, yeye alikaa nalo mfukoni siku nzima, na jirani hata mmoja hakumwambia. Sauti ikaendelea kwenda, mlango kwa mlango, hadi mwisho wa ukumbi, na alipoitegea sikio kutafuta ndani yake hata punje ya mchanga, hakuipata. Ilikuwa furaha tupu, nyeupe, haina doa. Akaionea wivu.